Kabla ya Kwenda Mtera, Ulizia Maji

Abiria wa basi la Dodoma na Iringa huliona bwawa la Mtera kwa dakika chache tu. Barabara inashuka kutoka kwenye nchi ya mibuyu na miiba, inapita juu ya ukuta wa bwawa, wauzaji wanakimbilia madirishani na perege wa kukaanga, kisha gari linaondoka kuelekea Migoli na Izazi. Wachache hushuka. Ni hasara, kwa kuwa katika ukavu wa katikati ya Tanzania ni sehemu chache ambako mtu mwenye nauli ya kawaida, viatu imara na darubini anaweza kutembea asubuhi nzima akitazama mwari, furukombe, viboko na mamba, pasipo kupita lango la hifadhi.

Mwongozo huu ni wa huyo anayeamua kushuka. Jambo la kwanza kwake, kabla hata ya kukata tiketi, ni kuuliza maji yamefika wapi.

Mtera ni ghala la maji. Bwawa lilijengwa kwenye mto Ruaha Mkuu ili kuweka akiba ya kuendeshea mitambo ya Kidatu, yenye megawati 204, iliyo chini zaidi ya mto. Mtambo wa Mtera wenyewe, wa megawati 80, ulianza kazi mwaka 1988. Likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Mita nane na nusu zinaweza kuonekana kitu kidogo. Lakini sehemu kubwa ya bonde hili ni tambarare, na kwenye ardhi inayoteremka kidogo kidogo hivyo, maji yakipungua mita moja tu ukingo hurudi nyuma mbali sana. Bwawa lililojaa lina urefu wa kilomita 56 hivi na eneo la kilomita za mraba zipatazo 660. Mwishoni mwa kiangazi kikali, mgeni anaweza kusimama mahali ambapo ramani ya simu yake inaonyesha rangi ya bluu, akakuta ng'ombe wanalishwa na mtu anapalilia.

Maji yenyewe yanatoka mbali. Ruaha Mkuu unaanzia kwenye milima ya Poroto na Kipengere, unatambaa katika bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unapokea Ruaha Mdogo unaotoka Iringa, ndipo unaingia bwawani. Mto Kisigo nao unamwaga ya kwake humo humo. Mvua ya kanda hii ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Na tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi kila kiangazi, sababu kubwa ikiwa maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Hivyo kuanzia katikati ya mwaka Mtera huishi kwa akiba, na akiba hiyo inatumika kila siku taa zinapowaka. Kwa kawaida bwawa huwa juu Aprili au Mei, na huwa chini kabisa Novemba au Desemba, kabla mvua hazijakolea.

Kwa hiyo ulizia. Vyombo vya habari hutaja kiwango cha Mtera kila ukame au mafuriko yanapotisha, na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa, ndiyo inayofuatilia mito ya bonde zima. Ila jibu la haraka hutoka kwa mvuvi au mwendesha bodaboda wa pale pale. Mwenye ndugu au rafiki Migoli ampigie simu na kumuuliza jambo moja tu: miti mikavu imesimama majini, au imesimama nchi kavu?

Miti hiyo ndiyo moyo wa safari. Maji yalipopanda mara ya kwanza yaliikuta miti bondeni, yakaiua ikiwa wima, na mingi bado inasimama hadi leo, myeupe, bila gome, hasa kwenye maji mafupi ya upande wa kusini. Kila mti ni kituo cha ndege. Juu kabisa hukaa furukombe, kichwa cheupe, mwili wa rangi ya kahawia iliyoiva. Sauti yake husikika kabla hajaonekana. Chini yake minandi na mbizi wametandaza mabawa ili yakauke, maana manyoya yao huloa kabisa wanapozama kutafuta samaki. Kwenye matawi ya chini, karibu na maji, mtazame mdiria mweusi kwa mweupe. Huyu hastahili kupitwa. Hupaa mita chache, akaning'inia angani mahali pamoja mabawa yakipiga kwa kasi na mdomo ukielekezwa chini, kisha hujiangusha kama jiwe. Akirudi tawini na samaki, humpigiza kwenye mti kushoto na kulia, mara kadhaa, mpaka samaki atulie. Halafu humgeuza taratibu mdomoni hadi kichwa kitangulie, ndipo ammeze. Kichwa kikitangulia, mapezi yenye miiba hulala na hayamchomi koo. Mwenye subira ya robo saa chini ya mti mmoja ataona kazi hiyo yote kwa macho matupu.

Maji yakiwa juu, kati ya Aprili na Julai, miti hii huzungukwa pande zote na ndege hutulia, kwa kuwa mtu hawafikii kwa miguu. Hewa nayo ni nzuri: Juni na Julai ni miezi ya ubaridi, na Mtera iko karibu mita 700 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 na Iringa mjini karibu 1,500. Aliyezoea koti la Iringa atalivua njiani. Huu ndio wakati wa familia, wa anayetembea kwa mara ya kwanza na wa mpiga picha anayetaka mwanga laini wa asubuhi juu ya maji.

Maji yakiwa chini, kati ya Septemba na Novemba, mambo ni mengine kabisa, na kwa mpenzi wa ndege ndipo utamu ulipo. Tope linafunuliwa, na tope ni chakula. Ndio miezi ile ile ambayo ndege wahamiaji wanafika kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, na vitwitwi wa kila namna hushuka kwenye ukingo kudonoa wadudu na minyoo. Yangeyange, korongo wa kijivu na korongo wenye mdomo wa njano hujipanga kwenye vidimbwi vilivyoachwa nyuma, ambamo samaki wamenaswa. Korongo domowazi, mweusi mwenye nafasi katikati ya mdomo, hutafuta konokono na kome. Mdomo wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Lakini joto la Oktoba na Novemba hapa ni kali, hakuna kivuli, na mwendo kutoka barabarani hadi majini unaweza kuwa mrefu kuliko ulivyopangwa. Atakayekwenda wakati huu aanze kutembea kabla jua halijachomoza na awe amerudi kivulini saa nne asubuhi.

Sasa, mahali pa kutembea. Mtera si hifadhi ya taifa, na hilo lina pande mbili. Hakuna geti wala tozo ya kuingia, lakini pia hakuna askari wa wanyamapori wa kutembea na mgeni, hakuna njia zilizowekewa alama, na ardhi yote ya ukingoni ina wenyewe: kijiji, wavuvi, wafugaji, wakulima. Upande wa kusini, kuanzia Migoli kuelekea Izazi, ndio unaofaa zaidi kwa miguu, kwa sababu vijiji viko karibu na barabara kuu na njia za wavuvi zinashuka hadi majini. Anza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Jitambulishe, eleza unakwenda kutazama ndege, na uombe mtu wa kuongozana naye, kisha mkubaliane malipo kabla ya kuondoka. Darubini begani kwa mtu asiyejulikana huzua maswali. Ikitanguliwa na salamu haina shida. Upande wa Iringa "kamwene" hufungua uso wa mtu, upande wa Dodoma ni "mbukwa", na kwa mzee yeyote shikamoo inatosha kotekote.

Mazungumzo ya ukingoni huwa mafupi, na mgeni asiyasikilize kwa sikio moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnaelekea wapi?"

"Tunashuka kule kwenye miti mikavu, tuangalie ndege."

"Msipite kwenye majani. Pandeni juu kidogo, mfuate njia ya ng'ombe."

Mzee anayesema hivyo ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni kiboko. Kiboko hutoka majini magharibi inapoingia, hula nyasi usiku kucha, na hurudi alfajiri. Mchana anakuwa ndani ya maji au amelala kwenye matete. Hatari kubwa ni kumkuta nchi kavu halafu ukawa umesimama kati yake na maji: mnyama wa zaidi ya kilo elfu moja, anayekimbia kuliko binadamu, atakimbilia anakokujua, na aliye njiani atakanyagwa. Jifunze kusoma njia yake. Ni mifereji miwili myembamba sambamba, na katikati kuna tuta dogo la majani lisiloguswa na miguu yake. Nyayo ni kubwa, za vidole vinne. Vichaka vya pembeni vina mavi yaliyotapakaa, kwani kiboko huyasambaza kwa mkia. Ukiona mifereji hiyo ikiwa na tope bichi, toka humo, kata juu, na usiipite tena giza likianza kuingia.

Alama ya mamba ni nyingine. Kwenye tope laini tumbo lake huacha mburuzo mpana na laini, nyayo zikiwa pande zote mbili na mstari wa mkia katikati. Mburuzo unaoingia majini bila wa kutoka unasema yuko karibu. Kaa angalau mita kumi kutoka kwenye maji, zaidi pale ambapo maji ni meusi na ukingo unashuka ghafla. Usinawe mikono, usioshe viatu, usimwache mtoto akachezea mawimbi. Wanaokaa hapa wanachota maji na kuvua kila siku kwa kuwa hawana njia nyingine, na baadhi wamelipa kwa maisha yao; mgeni hana sababu ya kujaribu.

Kuna hatari ya tatu isiyoonekana. Maji mafupi yaliyotulia, yenye majani na konokono, ndiyo makazi ya kichocho. Vimelea hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Aliyelazimika kukanyaga maji ajifute na kukausha miguu mara moja, kisha, wiki kadhaa baadaye, apime. Dawa ipo na inatibu. Jioni vaa mikono mirefu na lala ndani ya chandarua, maana malaria nayo ipo.

Mtumbwi unavutia, na kuona miti mikavu kutoka majini ni jambo la kipekee. Ila masharti ni matatu. Uwe asubuhi, kwa kuwa mchana upepo huinuka na kwenye uwazi mkubwa kama huu mawimbi hukua haraka. Kila mtu avae boya la kujiokolea, na kama mwenye mtumbwi hana, safari isubiri. Tatu, nahodha awe mvuvi wa hapo hapo, kwa sababu visiki vilivyozama ni vingi kuliko vinavyoonekana, na kiwango cha maji kinapobadilika visiki vilivyokuwa chini sana mwezi uliopita sasa viko sentimita chache chini ya uso wa maji. Nyavu ziheshimiwe. Kukata wavu wa mtu kwa kasia ni kumnyima chakula cha wiki.

Mashamba pia. Maji yanaporudi nyuma huacha ardhi yenye unyevu na rutuba, na wakulima huyafuata nyuma, wakipanda pale palipoachwa na samaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Kwenye bwawa ambalo ukingo wake unahama kila mwezi, ni rahisi kuelewa kwa nini umbali huo unaleta ubishi kati ya wanakijiji na maofisa. Mtembezi hatausuluhisha ubishi huo. Apite kwenye mipaka ya mashamba, asikanyage miche, na asipige picha ya mtu akilima bila kumwomba ruhusa.

Picha ya ukuta wa bwawa na mitambo ni suala la peke yake. Ni miundombinu ya umeme inayolindwa, iko chini ya TANESCO, na walinzi wako hapo. Uliza kwanza. Ukikatazwa, weka kamera mfukoni na uendelee na ndege, wako wengi.

Wengine hawahitaji hata maji. Nchi hii kavu ya Dodoma na Iringa ina ndege ambao watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kuwaona, na wanakaa kwenye mibuyu kando ya barabara. Kwezi wa kijivu, asiye na rangi za kung'aa kama ndugu zake, hapatikani popote duniani nje ya Tanzania. Kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano hupita kwa makundi wakipiga kelele. Hondohondo wa Ruaha, mwenye ngozi nyeusi kuzunguka jicho, alitambuliwa kuwa jamii yake mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati jua limekuwa kali na ukingo haukaliki tena, kaa chini ya mbuyu wowote mkubwa ulio karibu na kijiji, unywe maji, uwasubiri waje. Mbuyu wenye matundu una wapangaji wengi.

Mahitaji ni machache: maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu, kofia pana, viatu vilivyofungwa, kitambaa cha kukaushia miguu, darubini yenye ukuzaji wa mara nane. Ukuzaji mkubwa zaidi hutetemesha picha mkononi, na joto likipanda hewa ya juu ya tope hucheza kiasi kwamba hata darubini bora haisaidii. Kwa kulala, vijiji vya barabarani vina nyumba za wageni za kawaida. Anayetaka starehe alale Iringa au Dodoma, akijua kwamba ataikosa alfajiri, na alfajiri ndiyo nusu ya safari. Mabasi hupita barabara hii kutwa pande zote mbili, lakini ya jioni mara nyingi huja yamejaa. Panga kurudi kabla ya saa tisa alasiri.

Msomaji wa mbali na Mtera anaweza kutumia swali lile lile la maji kwenye bwawa la kwao, na majibu yatatofautiana. Ndakaini, katika kaunti ya Murang'a nchini Kenya, linalohifadhi mita za ujazo milioni 70 kwa ajili ya Nairobi, limekaa kati ya miinuko ya mashamba ya chai. Kingo zake ni za mteremko, hivyo maji yakipungua hubaki mkanda mwembamba wa udongo mtupu na ndege wa topeni ni wachache. Ni pazuri kwa miguu kuliko kwa darubini, na mbio za nusu marathoni hufanyika kulizunguka. Masinga, kwenye mto Tana, lililokamilika 1981, na Nyumba ya Mungu, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana kuanza Pangani, yana sehemu za maji mafupi na tambarare zinazofanana zaidi na Mtera. Huko mwezi wa kwenda huamua kila kitu.

Jambo moja zaidi linahitaji dakika tano kabla ya kupanda basi. Tanzania ina mradi wa muda mrefu wa kukusanya taarifa za mahali ndege wanapoonekana, Atlasi ya Ndege wa Tanzania, na kila Januari nchi nyingi za Afrika hushiriki hesabu ya ndege wa majini. Taarifa za mtembezi wa kawaida zinapokelewa zikiandikwa vizuri. Andika tarehe, saa, kijiji, aina ya ndege na idadi uliyoihesabu kwa macho, bila kukisia. Kisha ongeza mstari ambao wengi huusahau: maji yalikuwa wapi siku hiyo, kwenye miti, chini ya miti, au mbali nayo. Bila mstari huo, mtu atakayesoma kwamba Oktoba moja palikuwa na mwari mia mbili na Oktoba iliyofuata hapakuwa na hata mmoja hatajua kama ndege wametoweka au wamehamia kilomita tano mbele, kwenye ukingo mpya.